Paka wa kisukari kaanguka kifafa alfajiri, mashine inasoma 16. Insulini nipandishe au nishushe?

#1 Mama Chui
Wakuu salaam. Madaktari wawili wameniambia mambo mawili yasiyopatana, na saa ya sindano ya jioni inakaribia.

Chui ni dume, kahasiwa, miaka 13, kilo 6.1. Yuko kwenye insulini ya Lantus asubuhi na jioni. Tulianza na uniti 1, tukawa tunapanda kidogo kidogo, na juzi juzi kliniki wakamtoa 3 wakampeleka 4 kwa kuwa sukari imegoma kushuka. Figo zimeanza kuchoka, ila si sana kwa mujibu wa vipimo.

Leo alfajiri nimesikia kishindo. Nikamkuta amelala ubavu, miguu inatupatupa, mate yanamtoka, kajikojolea. Kama dakika mbili hivi. Alipoamka akawa anatembea anagonga ukuta kana kwamba haoni. Nilipokuja kumtoboa sikio nimpime, karibu nusu saa imeshapita. Mashine (ya binadamu) ikasoma 16.4.

Daktari wa kwanza: bado iko juu, nenda 5. Wa pili, kwa simu: huyo alishuka, rudi 2. Nimsikilize nani?

#2 Kucha Tano
16 tu? Mama huyo anakufa! Mpake asali sasa hivi, usisubiri majibu ya humu!

#3 Sindano Nyembamba
Kucha Tano tulia. Mashine yako wewe inasoma mg/dL, yake inasoma mmol/L. Zidisha kwa 18: 16.4 ni kama 295. Paka mzima huwa kati ya 4 na 8 hivi. Huyu yuko juu.

Jamani, ukiandika namba ya sukari andika na kipimo chake. Kuna siku mtu atampa asali paka mwenye 16 ya mmol, au atamnyima mwenye 40 ya mg.

#4 Kucha Tano
Nimekubali. Asali nairudisha kabatini.

#5 Dkt wa Ng'ombe
Mama Chui pole. Swali moja kabla sijasema lolote: bomba la sindano unalotumia ni la U-100 au U-40? Soma pembeni ya bomba, usinijibu kwa kukumbuka.

Lantus ni U-100, yaani mililita moja ina uniti 100. Ukiivuta kwa bomba la U-40 hadi mstari wa 4, umempiga uniti 10. Ni mara mbili na nusu. Madaktari wote wawili wanabishana juu ya uniti 4, ila kwanza tujue kama kweli ni 4.

#6 Mama Chui
Nimeangalia dokta. U-100, mililita 0.3, lina mistari ya nusu uniti.

#7 Dkt wa Ng'ombe
Afadhali. Basi hilo limepita.

Hoja yangu ni hii: hiyo 16.4 haisemi chochote kuhusu sukari ilikuwa ngapi alipoanguka. Mnyama akitikisika namna ile mwili unamwaga adrenalini na kotiso, ini linafungua akiba yake ya glukozi, sukari inaruka. Na paka ana lake jingine: hofu peke yake inampandisha, hata asiye na kisukari anaweza kuonekana anacho akiwa mezani kwa daktari. Kwa hiyo anaweza kuwa alishuka hadi 2 akaanguka, ukamkuta 16. Anaweza pia kuwa alikuwa 14 tangu usiku na kifafa kimetoka kwingine kabisa. Namba moja ya baadaye haiwezi kuamua kesi hii.

Ila usiku wa leo usipandishe. Dozi imetoka kupandishwa, na kifafa kimefuata. Mpigie aliyekwambia 5, muulize kama anajua ulipima nusu saa baadaye.

#8 Msomaji wa Usiku
Naona humu mtu akisikia "alishuka halafu akapanda" wote mnaitikia amina. Dokta, nadharia ya kuruka kwa sukari baada ya kushuka imekuzwa mno. Paka wa glajini (ndiyo hiyo Lantus) na detemiri, insulini nyingine ya muda mrefu, wamefuatiliwa kwa vipimo vingi vya nyumbani, na jambo hilo likaonekana ni nadra. Paka wengi wenye namba za juu ni kwamba tu dozi haijawatosha. Daktari wa kwanza si mjinga.

#9 Dkt wa Ng'ombe
Msomaji, unachanganya vitu viwili. Hizo tafiti zinazungumzia paka anayeshuka kimya kimya halafu anakaa juu masaa mengi. Mimi nazungumzia nusu saa baada ya mwili mzima kutikisika. Hata mimi na wewe tukianguka kifafa sukari inaweza kuruka, na hatutumii insulini.

#10 Msomaji wa Usiku
Hapo sawa. Lakini bado huna ushahidi kwamba alishuka.

#11 Dkt wa Ng'ombe
Sina. Ndiyo maana nimesema "anaweza".

#12 Babu Sharubu
Dokta wa ng'ombe anabishana habari za paka 😂 Wagonjwa wako si wana pembe?

#13 Dkt wa Ng'ombe
Babu, ng'ombe akianguka na tetemeko naye napima. Tofauti ni kwamba ng'ombe hanikwaruzi.

#14 Sindano Nyembamba
Mama Chui, tuache ligi yao. Mambo ya usiku wa leo, kutokana na niliyopitia na jike langu:

Pima kabla ya sindano. Mpe chakula kwanza, uone anakula. Asipokula, usichome dozi kamili, piga simu kliniki. Ukikosa dozi moja sukari itakaa juu siku nzima, basi. Ukizidisha dozi moja unaweza kumpoteza. Na ikitokea umechoma hujui kama imeingia mwilini au imeishia kwenye manyoya, USIRUDIE.

Akianguka tena usimtie kidole mdomoni na usimmiminie kitu kooni, kitaingia mapafuni. Mpake asali au maji ya glukozi kidogo juu ya fizi, kwa nje ya meno. Akishapata fahamu na anameza, mpe chakula. Halafu kliniki, hata kama anaonekana mzima, kwa sababu asali inaisha upesi na Lantus bado ipo mwilini masaa mengi. Wangu alizinduka vizuri, nikafurahi, akaanguka tena njiani.

Kifafa kikizidi dakika tano, au vikija viwili ndani ya siku moja, hiyo ni dharura hata kama sukari iko sawa.

#15 Mkia Mrefu
Nakubaliana na #14 ila naongeza: msimwachishe insulini kabisa kwa woga. Wangu aliachishwa kwa ushauri wa kliniki moja baada ya kushuka, hakuna aliyesema tupime ketoni, zile tindikali zinazojaa mwili ukichoma mafuta kwa kukosa insulini. Akaacha kula, akatapika, pumzi ikawa inanuka kama kiondoa rangi ya kucha. Ketoasidosisi. Alilazwa, potasiamu na fosfati zikaporomoka hadi shingo ikawa haiwezi kuinuka. Nunueni vijiti vya kupima ketoni kwenye mkojo.

#16 Mama Chui
Asanteni. Daktari wa pili kanipigia, amesema nichome 1 leo akila. Kala sahani nzima, akaja kuomba na ya kwangu. Anaona sasa, haongi ukuta tena... haGONGI, simu hii.

#17 Babu Sharubu
Chui hahongi ukuta, ana msimamo.

#18 Pamba Laini
Wote mmeng'ang'ania sukari. Miaka 13, figo zinachoka, alikuwa haoni baada ya tukio. Presha imepimwa? Paka wa figo hupanda presha, na ikivuka 160 ile ya juu macho, ubongo, moyo na figo zenyewe viko hatarini. Wangu alipofuka ghafla, retina (utando wa nyuma ya jicho) zilibanduka zote mbili. Alipewa amlodipini, presha ikashuka, jicho moja likarudi nusu.

Njia ya kubahatisha nyumbani: mulika tochi ya simu. Retina ikibanduka mboni inabaki pana, haisinyai vizuri. Kama upofu umetoka kwenye ubongo, iwe ni sukari kushuka au uchovu wa baada ya kifafa, mboni huwa inasinyaa ikimulikwa ila paka haoni.

#19 Mama Chui
Sikumulika. Presha haijapimwa hata siku moja. Nimeandika.

#20 Kimya Kingi
Mmeshamuuliza dawa ya viroboto? Zile za mbwa za kudondoshea shingoni nyingi zina pemetrini, na ini la paka haliiwezi. Anatetemeka, anaanguka. Hata kulala na mbwa aliyepakwa kunatosha. Kama ndiyo, mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha daktari.

#21 Mama Chui
Hatuna mbwa, na hajapakwa kitu.

#22 Kimya Kingi
Sawa, nimefuta moja kwenye orodha.

#23 Kucha Tano
Mimi nilisoma kuna paka wazee wanaanguka kwa sauti. Karatasi ya alumini, kijiko kikigonga bakuli, funguo. Si masihara!

#24 Msomaji wa Usiku
Si masihara kweli, leo umepatia. Kulichapishwa utafiti mwaka 2015 wa paka 96 wa namna hiyo, umri wa katikati wa kuanza ulikuwa miaka 15. Kwa hao, dawa ya kifafa iitwayo levetirasetamu ilifanya vizuri kuliko nyingine, fenobabitoni. Ila Chui ameanguka alfajiri nyumba kimya, labda kama Mama Chui alikuwa anakunja alumini saa kumi usiku.

#25 Mama Chui
Nilikuwa nakoroma tu.

#26 Babu Sharubu
Tumempata mhalifu.

#27 Sindano Nyembamba
Narudi kwa jambo lililonikaa kichwani tangu #1. Kilo 6.1, na sukari "imegoma". Paka wa kisukari kisichoshikika hukonda. Wako anakonda au ananenepa? Na kichwa chake kiko vipi ukilinganisha na picha za zamani?

#28 Mama Chui
Ananenepa. Alikuwa 5.3 tulipoanza. Kichwa... sasa umenitia shaka. Kinaonekana kikubwa, nilidhani ni udume. Na yeye ndiye anayekoroma kuliko mimi.

#29 Sindano Nyembamba
Uliza kipimo cha IGF-1, kitu cha kwenye damu kinachopanda homoni ya ukuaji ikizidi.

Kuna uvimbe mdogo wa tezi ya pituitari, chini ya ubongo, unaomwaga homoni ya ukuaji bila mpangilio. Hiyo homoni inaizuia insulini isifanye kazi. Uso unapanuka, taya la chini linatokeza, nyayo zinakuwa kubwa, anakula bila kushiba na uzito unapanda ilhali sukari iko juu. Uingereza walipima paka wa kisukari zaidi ya 1,200, karibu robo yao IGF-1 ikawa juu sana. Si ugonjwa wa nadra kama tulivyokuwa tunaambiwa.

Tena unaunganisha pande zote mbili za ubishi wenu. Homoni ikimwagika insulini haifui dafu, mnapandisha dozi. Ikipungua siku moja, dozi ile ile inamwangusha. Na uvimbe wenyewe ukikua unaweza kugusa ubongo.

#30 Msomaji wa Usiku
Sindano, nadharia inayoeleza kila kitu huwa naiogopa. Uzito kupanda kunatokea hata insulini ikianza kufanya kazi, chakula kinaacha kupotea kwenye mkojo. Na kukoroma ni tabia ya nusu ya paka wanene.

#31 Sindano Nyembamba
Ndiyo maana nikasema apime. Sijasema ana uvimbe.

#32 Dkt wa Ng'ombe
IGF-1 ni wazo zuri. Angalizo moja kwa wengine mnaosoma: msipime paka mpya ambaye ndiyo kwanza kaanza insulini. Mwili usio na insulini ya kutosha unaweza kutoa IGF-1 ya chini ya uongo. Subirini wiki sita hadi nane. Chui ameshapita hapo.

Wakati wa kusubiri majibu, mfunge sensa ya sukari ya kubandika kwenye ngozi, ile FreeStyle Libre ya binadamu. Paka wengi wanaivumilia ukinyoa vizuri. Tutajua usiku anafika wapi.

#33 Tumbo Moja
Kwani msimpe diazepamu ya vidonge kila siku yaishe? Bibi yangu alipewa.

#34 Dkt wa Ng'ombe
Bibi yako si paka. Diazepamu ya kumeza kila siku imewahi kuwaua paka kwa ini kuoza ndani ya muda mfupi. Ni wachache, lakini huwezi kujua ni yupi. Kwa kukatiza kifafa kinachoendelea, daktari huitumia kwa mshipa au kwa njia ya haja kubwa, hilo ni jambo lingine. Na potasiamu bromidi wanayopewa mbwa nayo muiache, inawaletea paka ugonjwa wa kifua kama pumu.

#35 Mkia Mrefu
Nje ya mada kidogo: vidonge mnampaje paka? Wangu anakitunza shavuni dakika kumi kisha anakitemea kwenye kiatu changu. Kiatu kile kile.

#36 Pamba Laini
Kwenye chakula laini, donge dogo la kwanza tupu, la pili lenye kidonge, la tatu tupu haraka kabla hajatafakari. Kama ni cha kusukuma kooni, mfuatishie maji kidogo kwa bomba, vidonge vikavu hukwama kwenye umio wa paka.

#37 Babu Sharubu
Au badilisha kiatu.

#38 Mama Chui
Nimerudi na namba. Sensa imefungwa, yuko kwenye uniti 2.

Usiku wa kwanza alishuka hadi 3.1 kama saa sita baada ya sindano, nikamlisha, akapanda. Usiku uliofuata, dozi ile ile, chakula kile kile, hakushuka chini ya 15. Presha 170, wakampima mara kadhaa. Damu ya IGF-1 imetumwa.

Halafu jana mchana ameanguka tena. Kifupi zaidi. Sensa wakati ule ilikuwa inasoma 9. Nilimtoboa sikio pale pale, 8.7. Sasa?

#39 Msomaji wa Usiku
Sasa insulini imeachiwa huru kwa hati ya mahakama. 9 haimwangushi mtu.

#40 Dkt wa Ng'ombe
Imeachiwa kwa dhamana. Kifafa cha pili hakikutokana na sukari ya wakati ule, nakubali. Lakini ubongo ulioumizwa na sukari ya chini mara ya kwanza unaweza kuendelea kuangusha hata ikirudi sawa. Na sensa inapima maji yaliyo kati ya seli, inachelewa dakika kadhaa nyuma ya damu. Safari hii ametoboa sikio pale pale, kwa hiyo namba naiamini.

Ile 3.1 nayo ichukuliwe kwa uangalifu. Paka akilalia sensa inasoma chini kuliko ukweli.

#41 Pamba Laini
Presha 170 mnairuka tu? Hamjasikia?

#42 Msomaji wa Usiku
170 kliniki kwa paka mwoga, Pamba. Dokta ameshasema #7 hofu inavyompandisha sukari, presha nayo ni hivyo hivyo. Warudie akiwa ametulia, wamwangalie na macho.

#43 Pamba Laini
Wamwangalie macho LEO. Mishipa ya nyuma ya jicho haina hofu.

#44 Sindano Nyembamba
3.1 usiku mmoja na 15 usiku wa pili kwa dozi ile ile. Mimi sisemi kitu, nasubiri IGF-1.

#45 Mama Chui
Macho yameangaliwa, retina ziko mahali pake, ila wameanza amlodipini dozi ndogo. Kwa kifafa, daktari mmoja anataka fenobabitoni, mwingine levetirasetamu. Mliotumia?

#46 Mkia Mrefu
Fenobabitoni. Wiki za mwanzo alikuwa anayumba na kulala mno, baadaye akazoea. Inaongeza njaa, na kwa huyo wako asiyeshiba jiandae. Lazima damu ipimwe kujua dawa imefika kiwango gani. Na usikatishe ghafla, kukatisha kwenyewe kunaleta kifafa.

#47 Pamba Laini
Levetirasetamu. Haimsumbui ini, ila ya kawaida ni kila masaa nane, sahau usingizi. Na inatoka mwilini kupitia figo, kwa hiyo wakumbushe hali ya figo zake wapunguze dozi.

#48 Dkt wa Ng'ombe
Zote mbili ni sahihi. Wengi huanza na fenobabitoni kwa paka. Lakini asipewe steroidi ya "kutuliza ubongo" bila mazungumzo marefu, prednisoloni itaivuruga sukari yote mliyoipanga.

#49 Tumbo Moja
Samahani kuuliza. Kuna wakati wa kumpumzisha? Sindano, sensa, presha, kifafa. Paka mwenyewe anasemaje?

#50 Mama Chui
Si swali baya, hata mimi najiuliza. Paka mwenyewe sasa hivi yuko juu ya kompyuta, anajisafisha mkia, na ameiba kuku. Tumekubaliana na daktari mambo ya kuangalia: akiacha kula, akiacha kututambua, au vifafa vikianza kufuatana licha ya dawa. Hajafika.

#51 Mama Chui
IGF-1 imerudi, imevuka mpaka wa 1,000 (ng/mL) kidogo. Daktari wa kwanza anasema hiyo ndiyo, pituitari. Wa pili anasema iko mpakani, bila picha ya ubongo hatujui, na kumlaza kwa dawa ya usingizi kwa ajili ya MRI kwa hali hii kunamtia woga.

#52 Sindano Nyembamba
Ahsanteni.

#53 Msomaji wa Usiku
Usishangilie. "Kidogo". Na hata kama uvimbe upo, mwingi wa aina hiyo hausababishi kifafa. Paka mzee anaweza kuwa na meninjioma pembeni, inayoota taratibu kwenye utando wa ubongo. Anaweza kuwa na vyote viwili.

#54 Dkt wa Ng'ombe
Kwa sukari, jibu hilo linabadilisha kazi: msilenge namba nzuri kwa kukaza dozi, lengeni asishuke. Bora akae kwenye 12 kuliko kuwinda 6 halafu homoni ikapungua usiku mmoja. Kwa kifafa, halibadilishi kitu kwa leo. Anaendelea na dawa.

Tiba ya uvimbe wenyewe ipo: mionzi, na upasuaji wa kuitoa tezi, ambao Royal Veterinary College ya London wanaufanya. Kuna paka waliopona kisukari kabisa baada ya hapo. Lakini ni paka wa kuhimili, wenye moyo mzima. Chui apimwe moyo kwanza.

#55 Pamba Laini
Na mimi narudia, hajaanguka tangu aanze amlodipini.

#56 Mkia Mrefu
Na fenobabitoni, Pamba. Alianza zote wiki moja.

#57 Pamba Laini
Na dozi ya insulini ilishushwa wiki hiyo hiyo. Kwa hiyo wote tumeshinda?

#58 Babu Sharubu
Chui ndiye kashinda, kaiba kuku.

#59 Mgeni Mlangoni
Habarini. Nimesoma uzi wote hadi hapa. Wangu ni jike, miaka 4, hana kisukari, ila jana ametetemeka midomo upande mmoja kama anatafuna kitu hakipo. Naye apimwe IGF-1?

#60 Sindano Nyembamba
Hapana. Mrekodi video likitokea tena, angalia saa, kisha fungua uzi wako utaje na anachokula. Kama ni samaki mbichi tupu, anzia hapo, wapo wenye kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka akiikosa anaanguka.